Vikapu vya mkono Nyasura: Mauzo yapo, faida iko wapi?

Mama anayetoka Nyasura alfajiri na vikapu sita, akarudi jioni na viwili, machoni pa majirani amefanya biashara. Fedha imeingia, unga umenunuliwa, na ukindu wa wiki ijayo umepata wa kuulipia. Lakini akiulizwa faida yake ya siku ni kiasi gani, jibu huwa gumu kupatikana, kwa sababu gharama iliyo kubwa kuliko zote haikuandikwa popote. Gharama hiyo ni muda wake mwenyewe.

Nyasura ni miongoni mwa kata za mji wa Bunda, mkoani Mara. Mji huo uko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari, na hapo hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kisorya, kilipo kivuko cha kuelekea Ukerewe. Kwa nafasi hiyo soko la Bunda lina bahati ya kupata wateja wa aina nyingi: mkulima wa pamba, mchuuzi wa dagaa, mtumishi wa serikali na abiria anayepita.

Hata hivyo, kuwa na wateja wengi ni jambo moja na kupata faida ni jambo jingine. Makala haya yanachambua gharama za bidhaa za mkono, kuanzia malighafi hadi mnadani, na kuonyesha mahali fedha ya mtengenezaji inapopotelea.

Hesabu ya vikapu sita

Tarakimu zinazotumika hapa ni za mfano tu na si bei zilizotangazwa na soko lolote. Msomaji anaweza kuziondoa na kuweka za kwake. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Chukulia msusi mmoja anayetengeneza vikapu sita vya ukindu kwa wiki. Ukindu, rangi, uzi na vishikio vya kikapu kimoja vinamgharimu Sh. 2,500, yaani Sh. 15,000 kwa vikapu vyote. Siku ya mnada analipa nauli ya Sh. 4,000 kwenda na kurudi, mzigo Sh. 1,000, ushuru Sh. 500 na chakula Sh. 2,000. Gharama za siku hiyo peke yake ni Sh. 7,500. Bei ya kikapu ni Sh. 6,000.

Akiuza vinne anapata Sh. 24,000. Toa malighafi ya vikapu hivyo vinne, Sh. 10,000, kisha toa gharama za mnada, Sh. 7,500. Kinachobaki ni Sh. 6,500. Vikapu viwili vinarudi nyumbani vikiwa vimefunga Sh. 5,000 za mtaji. Kwa fedha taslimu hali ni mbaya zaidi: wiki hiyo ametoa jumla ya Sh. 22,500 na kuingiza Sh. 24,000. Mkononi ana Sh. 1,500 tu za ziada.

Sasa ipimwe kazi. Ikiwa kuchana ukindu, kuutia rangi, kusuka na kushona kikapu kimoja ni saa nane, vikapu vinne vilivyouzwa vimechukua saa 32. Ongeza saa 10 za safari na kukaa mnadani, jumla saa 42. Ile Sh. 6,500 ikigawanywa kwa saa hizo, kila saa imelipwa takriban Sh. 155. Siku nzima ya saa nane inampa kama Sh. 1,240. Fedha hiyo haifiki hata bei ya chakula alichokula mnadani.

Mchuuzi wa mlangoni

Wasusi wengi humlaumu mchuuzi anayepita nyumba hadi nyumba akinunua kwa bei ya chini. Katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi neno mlanguzi lilikuwa karibu sawa na tusi, na hata baada ya soko huria kushika mizizi, dhana kwamba mtu wa kati ni mnyonyaji haijafutika. Hesabu, hata hivyo, haina chuki na mtu.

Tuseme mchuuzi huyo ananunua kikapu kwa Sh. 4,500 mlangoni. Vikapu sita vinaleta Sh. 27,000. Toa malighafi ya Sh. 15,000, zinabaki Sh. 12,000. Kazi ni saa 48, kwa kuwa msusi hakwenda popote. Kila saa imelipwa Sh. 250, na siku ya saa nane Sh. 2,000.

Maana yake ni kwamba msusi aliyeuza vinne kati ya sita mnadani, kwa bei nzuri, amepata kidogo kuliko aliyeuza vyote kwa bei ya chini akiwa nyumbani. Hata angemaliza vyote sita mnadani angebaki na Sh. 13,500, yaani Sh. 1,500 tu zaidi ya alizompa mchuuzi. Kwa saa 10 za kukaa juani, nyongeza hiyo ni Sh. 150 kwa saa.

Mchuuzi anapata faida pale ambapo msusi anapata hasara kwa sababu moja: nauli, ushuru na chakula chake vinagawanywa kwa mzigo mkubwa. Msusi wa vikapu sita anakitwisha kila kikapu Sh. 1,250 za gharama za siku, na zaidi kama vingine havikuuzika. Mwenye vikapu 60 hana mzigo huo.

Dawa iko hapo hapo. Wasusi watano wakiunganisha mzigo wao na kumtuma mmoja, wanakuwa na vikapu 30. Nauli ya mtu inabaki Sh. 4,000, mzigo uwe Sh. 4,000, ushuru Sh. 500, chakula Sh. 2,000, na aliyetumwa alipwe Sh. 5,000 kwa siku yake. Jumla ni Sh. 15,500. Wakiuza vikapu 20 tu, yaani vinne kwa kila mmoja, baada ya kutoa malighafi wanakuwa na Sh. 70,000. Toa gharama za siku, zinabaki Sh. 54,500, au Sh. 10,900 kwa kila msusi. Kwa vikapu vinne hivyo hivyo, mchuuzi angempa faida ya Sh. 8,000, na mnada wa peke yake Sh. 6,500.

Tofauti hiyo haikuletwa na mkopo, semina wala mashine. Imeletwa na kushirikiana nauli.

Punguzo, mali kauli na riba

Kuna mianya mitatu ambako faida ya bidhaa za mkono huvujia bila kelele.

Mwanya wa kwanza ni punguzo la jioni. Jua likielekea kuzama, muuzaji asiyetaka kurudi na mzigo hukubali Sh. 5,000 badala ya Sh. 6,000. Kwa mnunuzi hilo ni punguzo la moja ya sita. Kwa msusi, ambaye baada ya malighafi alikuwa na Sh. 3,500, ni zaidi ya robo ya kipato chake. Punguzo hutolewa kwenye bei, lakini hulipwa na faida.

Mwanya wa pili ni mali kauli. Mchuuzi huchukua bidhaa leo na kuahidi kulipa akirudi. Utaratibu huo umejenga biashara nyingi na pia umeua nyingi. Katika mfano wetu, kikapu kimoja kati ya sita kisipolipwa, faida ya wiki inashuka kutoka Sh. 12,000 hadi Sh. 7,500. Msusi atalazimika kuuza zaidi ya vikapu viwili vingine ili kuziba pengo la kimoja. Mwenye kutoa mali kauli hana budi kuandika jina, idadi na tarehe ya kulipa, na asitoe mzigo wa pili kabla ya deni la kwanza kwisha.

Mwanya wa tatu ni riba. Wakopeshaji wa mitaani, ambao mikopo yao wananchi wameibatiza jina la kausha damu, hutoa fedha haraka bila maswali mengi. Tuseme mtu amekopa Sh. 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba hiyo ya Sh. 20,000 ni sawa na faida ya vikapu 10 vilivyouzwa mlangoni, kabla ya kurudisha hata senti moja ya mtaji. Kwa msusi wa vikapu sita kwa wiki, hizo ni takriban siku 12 za kumfanyia kazi mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na mkopaji ana haki ya kuiulizia kabla ya kutia saini.

Fedha ya wilaya ina msimu wake

Mtengenezaji wa Bunda anauza kwa watu ambao mifuko yao haijai mwezi hadi mwezi. Pamba huanza kununuliwa katikati ya mwaka, na wakati huo mkulima ndipo hufikiria mkeka mpya, jiko jipya au kikapu cha kuendea sokoni. Fedha ya dagaa nayo hufuata mwezi mbinguni. Wavuvi wa dagaa hutumia taa gizani, na mbalamwezi inapokuwa kali kazi hupungua na mzunguko wa fedha mialoni hupungua nayo.

Upande wa utengenezaji una kalenda tofauti. Mvua zikianza mikono huenda shambani, na bidhaa hupungua. Kiangazi kikifika kila mtu ana nafasi, wasusi huongezeka na bei hushuka kwa sababu mnada mmoja umejaa bidhaa za aina moja. Anayeweza kutengeneza kidogo kidogo na kuhifadhi kwa ajili ya msimu wa fedha ana nafasi ya bei nzuri, lakini kuhifadhi nako kuna gharama. Ukindu hupata ukungu mahali penye unyevu, rangi hupauka juani, na vyungu huvunjika kila vinapohamishwa. Mtaji uliolala darini nao hauwezi kununua malighafi.

Plastiki na nafasi ya pili

Mshindani mkubwa wa bidhaa za mkono katika kanda ya Ziwa ni plastiki. Ndoo iliuondoa mtungi kisimani, beseni likaondoa ungo katika nyumba nyingi, na mkeka wa plastiki ukaingia sebuleni kwa bei nafuu na rangi zisizotoka. Mtengenezaji aliyejaribu kushindana kwa bei alishindwa, kwa kuwa kiwanda hakina saa nane za kusuka kila kipande.

Kuanzia tarehe 1 Juni 2019, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kikapu, ambacho kilikuwa kimesahaulika mijini, kilipata nafasi ya pili. Lakini sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilichukuliwa na mifuko mbadala mepesi, ambayo mnunuzi huipata papo hapo dukani kwa fedha kidogo. Funzo kwa msusi ni kwamba sheria inaweza kumfungulia mlango, ila anayewahi kuufikia mlango huo na mzigo wa kutosha ndiye anayeingia.

Wapo wanaotazama watalii. Bunda iko jirani na Serengeti, na lango la Ndabaka upande wa magharibi wa hifadhi haliko mbali. Ni matumaini yenye msingi, lakini yasigeuzwe kuwa mtaji wote. Majirani wa Kenya waliona kiondo chao kikipendwa Ulaya na Marekani, kisha nakala za bei rahisi kutoka Asia zikaingia katika soko lile lile. Mtalii hununua mara moja, hurudi kwao na hakopeshi wala hakopeshwi. Mkazi wa Bunda hurudi kila wiki, na akiridhika humleta jirani.

Hali ya bidhaa kwa ufupi

Matenga: Yanahitajika kwa wasafirishaji wa nyanya, kuku na samaki. Mnunuzi hatazami urembo bali uimara. Ni soko la mali nyingi na faida ndogo kwa kipande. Linamfaa mwenye fito karibu.

Mikeka na majamvi: Ya ukindu bado ina heshima katika sherehe na misiba, na huuzika zaidi kwa oda kuliko kwa kutandazwa mnadani. Ya mafunjo ni rahisi lakini haidumu.

Vyungu: Mahitaji yamebaki kwa wanaopenda maji ya mtungi, mboga za chungu na maua ya nyumbani. Gharama kubwa ni vipande vinavyovunjika njiani, na lazima iingizwe kwenye bei ya vile vinavyofika salama.

Majiko ya mkaa: Yanauzika, lakini bei yake inafuata bei ya vyuma chakavu. Mwekezaji azingatie pia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, ambao unalenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Fundi wa majiko anayepanga kazi ya miaka 10 ijayo aanze kujifunza bidhaa nyingine ya bati.

Katambuga: Malighafi ni tairi lililokwisha kazi. Viatu hivi vina wateja waaminifu miongoni mwa wachungaji na wakulima, ingawa malapa ya plastiki yanawabana kwa bei.

Mipini, miko na vinu: Huenda kwa kasi mvua zinapokaribia na shughuli za jikoni zinapoongezeka. Mbao za kuchongea ziwe zimepatikana kwa njia halali, kwani mzigo uliokamatwa ni hasara ya mtaji wote kwa mara moja.

Ushuru, vitambulisho na mikopo

Mfanyabiashara mdogo wa leo yuko katika mazingira tofauti na yale ya zamani. Kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingi za kero zilifutwa mwaka 2003. Kuanzia Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh. 20,000, vikiwalenga wenye mauzo yasiyozidi Sh. milioni nne kwa mwaka. Baadaye ukaja utaratibu wa vitambulisho vya kidijiti, hivyo mwenye kadi ya zamani asiitegemee bila kuuliza ofisi ya kata.

Msusi wa mfano wetu, hata akiuza vikapu vyote sita kila wiki kwa Sh. 6,000, mauzo yake ya mwaka ni Sh. 1,872,000. Yuko chini ya kiwango hicho. Lakini wale watano walioungana, wakiuza vikapu 30 kila wiki, wanafikia Sh. 9,360,000. Kama kundi lao litasajiliwa kuwa biashara moja, mambo ya kodi yanabadilika. Hiyo si sababu ya kukataa kuungana. Ni sababu ya kuuliza Mamlaka ya Mapato mapema, na kutenganisha kwenye daftari mauzo ya kila mwanachama na gharama za pamoja.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kisicho na kumbukumbu kina shida ya kuonyesha kitakavyorejesha. Aidha, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, hutoa mafunzo ya ufundi na ya biashara kwa watengenezaji wa aina hii.

Ushauri kwa anayetaka kuingia

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetafuta pa kuuweka, bidhaa za mkono bado ni biashara, ila faida yake haiko kwenye kipande kimoja. Iko kwenye usafiri, hifadhi na kukusanya mzigo. Anayenunua kwa wasusi 10, akawalipa taslimu, akapeleka mzigo mmoja mnadani na mwingine kwa mwenye duka aliyetoa oda, anafanya kazi ambayo msusi mmoja haimudu. Akiwalipa vizuri watamtunzia mali bora. Akiwabana kupita kiasi watasusa wenyewe au wataungana bila yeye.

Kwa msusi, hatua ya kwanza haihitaji fedha. Kwa wiki nne mfululizo aandike malighafi aliyonunua, saa alizofanya kazi, nauli, ushuru, alichokula, alivyouza na alivyorudi navyo. Wiki ya nne ikiisha agawanye kilichobaki kwa saa zake zote. Ikiwa jibu ni dogo kuliko ujira wa kibarua wa kupalilia shamba la jirani, basi kwa muda wote huo amekuwa akimlipia mteja sehemu ya bei ya kikapu.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa wauzaji wa bidhaa za mkono wa Nyasura, cha kwanza kuandikwa kwenye daftari hilo ni saa zao za kazi.